Hemingway: Mwandishi aliyetaka kuwa Mkamba akiwa na miaka 54

MELI ya Dunnottar Castle ilipotia nanga katika bandari ya Mombasa mwezi Agosti 1953, miongoni mwa abiria walioshuka alikuwamo mwanamume wa miaka 54, mnene, mwenye mvi na makovu mengi mwilini, ambaye hakuhitaji kutambulishwa kwa msomaji yeyote wa magazeti. Ernest Hemingway alikuwa wakati huo mmoja wa waandishi wa riwaya waliojulikana zaidi duniani. Mwaka uliotangulia, jarida la Life la Marekani lilikuwa limechapisha hadithi yake nzima, The Old Man and the Sea, katika toleo moja, na nakala zaidi ya milioni tano zikauzwa kwa siku mbili. Mei 1953 hadithi hiyo hiyo ikamletea tuzo ya Pulitzer.

Mtu aliyefika hapo angetarajiwa kuketi kivulini na kula jasho lake. Hemingway hakuketi. Katika muda wa miezi michache alinyoa upara, akazitia nguo zake rangi ya ngeu, akaanza kuwinda kwa mkuki, akamchumbia binti wa Kikamba na kuanza kujihesabu kuwa Mkamba. Ni rahisi kumcheka, na yapo mengi ya kuchekesha katika kisa hiki. Hata hivyo, hamu iliyomsukuma ilikuwa ya kweli, na gharama aliyoilipa ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia.

Alizaliwa Julai 21, 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago, akiwa mtoto wa daktari aliyemfundisha kuvua samaki na kulenga shabaha tangu angali mdogo. Alikuwa na miaka tisa Theodore Roosevelt alipomaliza urais wa Marekani na, badala ya kupumzika, akapanda meli kuja Afrika Mashariki kuwinda. Roosevelt alikuwa na miaka 50. Treni ilimshusha katika stesheni ya Kapiti, Aprili 1909, naye akapokewa na Sir Alfred Pease katika shamba la Kitanga, Machakos, ambako aliwapata simba wake wa kwanza. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, wengi wao wakapelekwa katika makavazi ya Marekani. Kwa vijana wa kizazi cha Hemingway, huo ulikuwa mfano wa jinsi mwanamume anavyoweza kuanza upya baada ya kufikia kilele.

Mambo yaliyofuata katika maisha yake yameandikwa mara nyingi na hayahitaji kurudiwa kwa urefu. Julai 1918, kabla hajatimiza miaka 19, alijeruhiwa vibaya na kombora nchini Italia akiwa mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu. Baada ya vita aliishi Paris, akaandika riwaya zilizobadilisha namna Waamerika walivyoandika nathari: sentensi fupi, maneno ya kawaida, na mengi yakiachwa bila kusemwa. Mwishoni mwa 1928 baba yake alijiua kwa bastola. Tukio hilo halikumtoka moyoni hadi mwisho.

Machakos aliifahamu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 34. Alifika Mombasa Desemba 8, 1933 pamoja na mkewe wa pili, Pauline Pfeiffer, na rafiki yao Charles Thompson, safari yote ikigharimiwa na mjomba tajiri wa Pauline. Kabla ya kuelekea Serengeti walikaa katika shamba la Philip Percival chini ya kilima cha Potha, wakajizoeza kuwinda katika nyanda za Kapiti. Percival, Mwingereza aliyekuja Kenya wakati wa kuanza kwa ulowezi, alikuwa mwongoza wawindaji aliyeheshimiwa kuliko wote. Alikuwa mtulivu na asiyejisifu, na Hemingway alimpenda kama mtoto anavyompenda baba ambaye hakumpata.

Mtu wa pili aliyemvutia alikuwa mbeba bunduki, Mkamba mzee kidogo ambaye katika kitabu anaitwa M'Cola. Green Hills of Africa, kilichotoka 1935, ni kitabu cha kujigamba kwa kurasa nyingi. Lakini kila M'Cola anapoingia, majigambo yanapungua. Hemingway aligundua kwamba mwanamume huyo aliyevaa kaptura kuukuu alikuwa anampima, kwamba hakuvutiwa na umaarufu wala fedha zake, na kwamba sifa kutoka kwake ilikuwa adimu. Kwa mwandishi aliyezoea kusifiwa, hilo lilikuwa jambo geni. Ameba wa tumboni walikatiza safari hiyo kwa siku kadhaa Januari 1934, ikabidi apelekwe Nairobi kwa ndege kutibiwa. Alirudi kwao na kuandika hadithi fupi mbili za Kiafrika ambazo mpaka sasa zinasomwa vyuoni. Moja inamhusu mwandishi anayekufa kwa donda ndugu akiwa ameupoteza uhodari wake kwa starehe. Aliichapisha 1936, na mtu angeweza kuiona kama onyo alilojiandikia mwenyewe miaka 17 kabla ya kuhitajika.

Kati ya safari hizo mbili kuna vita viwili, ndoa mbili zilizovunjika, nyumba nchini Cuba, na chupa nyingi mno. Mwaka wa 1950 alitoa riwaya ambayo wahakiki waliikejeli wazi wazi. Hata baada ya mvuvi mzee wa Cuba kumrejeshea heshima yake, alijua kwamba mwili haukuwa ule wa 1933. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Uzito ulikuwa umezidi. Jina lake lilikuwa limegeuka aina ya kampuni: watu walitaka kumwona Hemingway anayepigana, anayekunywa, anayeshinda.

Jarida la picha la Look ndilo lililofungua njia ya kurudi. Lilikubali kulipia makala na picha za safari yake, na kumtuma mpigapicha wake, Earl Theisen. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na haja yake. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, watalii walikuwa wamekimbia, na hakuna tangazo lililoweza kuushawishi ulimwengu kwamba Kenya bado ni salama kuliko picha za Hemingway akiwa na bunduki mbugani. Idara ya Wanyamapori ikamfungulia eneo la Kajiado ambalo kwa kawaida halikuruhusiwa kuwindwa.

Safari ilianzia Machakos. Percival, aliyekuwa amestaafu, alikubali kutoka tena kwa ajili ya rafiki yake, na Septemba 1953 wageni walikusanyika katika shamba la Kitanga, lile lile ambalo Roosevelt alifikia miaka 44 kabla. Hemingway alikuja na mkewe wa nne, Mary Welsh, na rafiki yao kutoka Cuba, Mayito Menocal. Watumishi wa kambi, kuanzia mzee Keiti aliyewasimamia hadi mbeba bunduki Ngui na dereva Mthuka, wengi wao walikuwa Wakamba. Majina hayo ni kama yalivyo katika maandishi yake, na humo Ngui anatajwa kuwa mtoto wa yule M'Cola wa zamani.

Inafaa kukumbuka jinsi Machakos ilivyokuwa mwezi ule. Miezi mitano tu kabla, Aprili 8, 1953, mahakama ya Kapenguria ilikuwa imemhukumu Paul Ngei, kijana wa Kangundo mwenye miaka 29, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Serikali iliitazama Ukambani kwa jicho la wasiwasi, kwa kuwa askari wengi wa jeshi la KAR na polisi walikuwa Wakamba, na endapo kiapo kingevuka Mto Athi mambo yangebadilika. Wazee walikuwa bado wanakumbuka Julai 1938, Samuel Muindi Mbingu alipowaongoza mamia ya wanaume, wanawake na watoto kutembea kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, kilomita zipatazo 60, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Kwa kosa hilo Muindi Mbingu alihamishiwa kwa nguvu kisiwani Lamu. Kuwa Mkamba katika miaka hiyo lilikuwa jambo lenye matokeo yake.

Hemingway alielekea kusini, kwanza Salengai, kisha hadi kando ya kinamasi cha Kimana, Mlima Kilimanjaro ukiwa mbele ya hema lake. Mwanzo haukuwa mzuri. Shabaha yake ilikuwa imeharibika, na wenzake walisema baadaye kwamba pombe ilikuwa na sehemu yake. Alianguka kutoka kwenye gari la Land Rover akaumia uso na bega. Look lilichapisha picha yake akiwa na chui aliyeuawa, ilhali Menocal naye alikuwa amempiga risasi mnyama huyo. Kwa mtu aliyejenga jina lake juu ya ukweli wa kushika bunduki, picha hiyo ilikuwa aibu, na hakuna shaka alijua.

Mageuzi yalianza mpigapicha alipoondoka. Baadaye Menocal alienda zake, Percival akarudi shambani kwake Machakos, na ofisa wa wanyamapori wa Kajiado, Denis Zaphiro, akamfanya Hemingway mlinzi wa heshima wa wanyama katika eneo hilo. Ghafla hakuwa mtalii tena. Watu wa Loitokitok walimjia na malalamiko ya kweli: tembo waliovamia mahindi, simba walioua ng'ombe, chui aliyemaliza mbuzi. Alipaswa kuamka usiku, kwenda, kutazama, kuamua. Pengine hiyo ndiyo kazi ya manufaa ya wazi kuliko zote alizowahi kupewa nje ya uandishi, na aliipenda mno. Hamu ya kuua kwa ajili ya pembe ukutani ilipungua. Alianza kutumia saa nyingi akiwatazama wanyama tu.

Hapo ndipo alipoanza kujigeuza. Alinyoa kichwa, makovu yake yote yakaonekana. Mashati na makoti yalitiwa rangi ya shuka za Wamaasai. Alitembea porini usiku akiwa na mkuki. Aliazimia kujifunza Kikamba, akatamani kutoboa masikio, hata ikabidi Mary amwandikie barua ya kumsihi asifanye hivyo. Mary alipokwenda Nairobi kununua vitu vya Krismasi, mumewe alifanya karamu na binti wa Kikamba wa kijiji cha jirani, ambaye katika maandishi yake anamwita Debba, na katika barua kwa marafiki alimtaja kama mchumba wake.

Mkenya yeyote anayesoma habari hizi ataona mara moja kasoro ambayo wahariri wa New York hawakuiona. Mkuki na ngeu ni vya Mmaasai. Silaha iliyompa Mkamba sifa porini ni upinde na mshale wenye sumu, na ndiyo iliyowapatia mababu wa Ngui pembe za ndovu walizozipeleka Mombasa karne nzima kabla ya reli. Mtu aliyetaka kuwa Mkamba kwa kuvaa kama Mmaasai alikuwa bado hajamsikiliza vizuri mwenyeji wake. Kiswahili chake nacho kilikuwa kile cha kambini, cha kuamrisha, kisicho na ngeli. Mwalimu wa shule ya msingi angemaliza wino mwekundu katika kurasa chache tu.

Kuna jambo zito zaidi. Ukamba hauanzi na mavazi. Mtu huzaliwa katika mbai, yaani ukoo, hupitishwa jandoni pamoja na rika lake, na akitaka mke hutanguliza mbuzi wa ntheo mbele ya mashahidi. Mambo hayo hayana njia ya mkato, na mtu mmoja kambini aliyahesabu yote kimyakimya, naye ni mzee Keiti. Katika simulizi ya Hemingway mwenyewe, Keiti ndiye anayeukatiza uchumba huo na kumrudisha msichana kwao, kwa sababu sheria ya Kikamba haikufuatwa. Ni sifa kwa mwandishi kwamba hakuifuta sehemu hiyo. Mwajiri alijiona Mkamba, lakini mfanyakazi wake alimkatalia kwa adabu, na mwajiri akaandika kwamba mfanyakazi alikuwa na haki.

Alichokipenda kwa Wakamba hakikuwa cha kubuni. Aliheshimu rekodi yao ya vita, maana wengi wa wanaume aliotembea nao walikuwa watu wazima waliokuwa na la kusimulia. Aliheshimu namna walivyofuata nyayo bila papara. Zaidi ya yote, kati yao hakuwa Hemingway wa magazetini. Alikuwa mzee mmoja mnene aliyepaswa kuthibitisha kila asubuhi kwamba anaweza kutembea, kunyamaza na kulenga. Shida ni kwamba yeye angeweza kuuvua Ukamba wakati wowote na kupanda ndege. Ngui asingeweza. Ngei, akiwa gerezani kaskazini, ndiyo kabisa.

Na ndege aliipanda. Kama zawadi ya Krismasi kwa Mary, walikodi ndege ndogo aina ya Cessna iliyoendeshwa na Roy Marsh, wakaondoka Nairobi Januari 21, 1954 kwenda kutazama maziwa na Kongo. Siku mbili baadaye, karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, rubani aliinama kukwepa kundi la ndege wa porini, akagonga waya wa simu uliokuwa umeachwa, na Cessna ikaanguka vichakani. Mary alivunjika mbavu. Walilala porini na tembo wakipita karibu, kisha wakachukuliwa na mashua hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert.

Jioni hiyo hiyo walipanda ndege nyingine iliyotaka kuwapeleka Entebbe. Haikuruka. Ilishika moto njiani uwanjani, na mlango ukakwama. Wengine walipenya dirishani, lakini Hemingway alikuwa mkubwa mno, akaubomoa mlango kwa kichwa. Fuvu lilipasuka. Ini, bandama na figo viliumia, uti wa mgongo ukapondeka, na kwa muda jicho moja halikuona. Magazeti ya dunia yalikuwa tayari yametangaza kifo chake, naye alipofika Nairobi alijisomea tanzia zake moja baada ya nyingine. Inasemekana alizifurahia. Waliomwona walishtushwa na hali yake.

Mtu mwenye busara angelazwa hospitalini kwa miezi. Yeye alikwenda Shimoni, pwani ya kusini, ambako alikuwa amepanga kuvua samaki. Moto wa nyika ulipozuka karibu na kambi alijitosa kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua miguu, mikono na uso. Hapo ndipo safari ya kuanza maisha mapya ilipokomea. Aliondoka Kenya mwezi Machi akiwa mzee kuliko umri wake, na hakuikanyaga tena.

Oktoba 28, 1954 ilitangazwa kuwa ameshinda tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakuweza kusafiri hadi Stockholm, na hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden. Yeye alikuwa nyumbani kwake Cuba, mgongo ukimuuma, akirudi Kimana kwa njia pekee iliyobaki. Hadi mapema mwaka wa 1956 alikuwa ameandika maneno yapatayo 200,000 kuhusu miezi ile: Keiti, Ngui, Mthuka, Debba, mahindi yaliyovunjwa na tembo, baridi ya alfajiri chini ya mlima. Ni kitabu cha mtu mzima anayejicheka mara nyingi kuliko alivyozoea. Kisha akakiweka kando ili kwenda kusaidia kupiga filamu ya hadithi ya mvuvi wake, na hakukikamilisha.

Kumbukumbu, ambayo ndiyo mali ya mwandishi, ilianza kumtoroka. Mwishoni mwa 1960 na tena 1961 alilazwa katika kliniki ya Mayo jimboni Minnesota, akatibiwa huzuni kuu kwa mishtuko ya umeme. Alfajiri ya Julai 2, 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, alijiua kwa bunduki ya kuwindia, akiwa na miaka 61. Percival alimzidi kwa miaka mitano, akafariki 1966. Ngei alikuwa tayari amefunguliwa, akawa waziri katika serikali ya Kenya huru.

Aliyefanikiwa kuyafanya makazi ya eneo hili yawe maisha na si vazi alikuwa mtoto wake wa pili, Patrick, aliyeishi Tanganyika na baadaye Tanzania kwa zaidi ya miaka 20, akiongoza wawindaji na kisha kufundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Ndiye aliyeichukua miswada ya Kimana, akaipunguza karibu nusu, na kuichapisha 1999 kwa jina True at First Light, miaka 100 tangu baba yake azaliwe. Nakala ndefu zaidi, Under Kilimanjaro, ilitoka 2005. Patrick, aliyekijua Kiswahili kuliko baba yake, aliweka mwishoni mwa kitabu chake faharasa ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Marekani.